Siku tano na Mjomba, kumfuata samoni mpaka alikozaliwa

Daftari hili ni la Oktoba 2018, Mjomba alipokuja kunitembelea Surrey, jirani na Vancouver, Kanada. Nimelitoa kabatini kwa sababu samaki tuliokwenda kuwaona, samoni aina ya sokai, hujaa Mto Adams kila baada ya miaka minne: 2010, 2014, 2018, 2022. Oktoba 2026 ni zamu yao tena, na watu wameanza kuniuliza njia. Nimesahihisha tahajia, na mahali pawili nimeongeza mambo yaliyotokea baadaye. Mengine ni kama yalivyokuwa.

Mjomba alikuwa na miaka 71, mvuvi mstaafu wa Musoma, mtu asiyeshangaa ovyo. Wiki mbili nilimzungusha kwenye maduka na maghorofa, akawa anaitikia tu. Siku moja akaniuliza, "Mpwa wangu, ziwa lenu liko wapi?" Nikamwambia tuna bahari na mto. "Basi nionyeshe mto."

Ijumaa, 5 Oktoba. Steveston

Tumeanzia mwisho wa mto. Fraser unatoka Milima ya Rocky, unakwenda kilomita 1,375 hivi, na hapa ndipo unapomwagika baharini, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Steveston ulikuwa mji wa viwanda vya kutia samoni kwenye makopo. Kimoja kilichojengwa 1894 sasa ni makumbusho. Mjomba hakutaka makumbusho. Alinyoosha moja kwa moja mpaka gatini, kwa wavuvi wanaouzia samaki juu ya boti zao.

Samoni wabichi walikuwa wamepungua, lakini boti moja ilikuwa na sokai waliogandishwa, matumbo yametolewa, vichwa vipo. Sokai ni mmoja wa samoni watano wakubwa wa upande huu wa Pasifiki, na jina lake limetokana na lugha za Wasalish, wenyeji wa asili wa pwani hii, maana yake samaki mwekundu. Huyu wa gatini hakuwa mwekundu hata kidogo. Aling'aa kama bati jipya, mgongo wa buluu ya giza. Mjomba alimgonga kwa ukucha, akamtazama jicho, akamwangalia ubavuni kama yuko Mwigobero, kwao Musoma, anatafuta sababu ya kushusha bei. Bei haikushuka. Tukanunua wawili.

Wekundu tuliukuta jikoni. Kisu kilipopita, nyama ilitoka na rangi ya papai lililoiva kupita kiasi. Mjomba akanitazama kwa shaka.

"Mmemtia rangi?"

Nikamweleza kuwa sokai hula uduvi na vidudu vidogo vinavyoelea baharini, na rangi ya chakula hicho hubaki mwilini. Nikaongeza kwamba samoni wa kufugwa, ambao ndio wengi madukani, wao rangi yao huchanganywa kwenye pumba wanazolishwa. Akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo hao mnawapaka rangi kwa ndani!"

Tulimkaanga mmoja, wa pili nikamweka kwenye friza. Wakati wa kula ndipo Mjomba alipouliza swali lililotupeleka safari nzima.

"Huyu anazalia wapi?"

"Mbali. Hawa wengi wao wanakwenda mto mmoja unaitwa Adams. Ni kama kilomita mia tano juu."

"Na kurudi anarudi vipi?"

"Harudi, Mjomba. Akishazaa anafia huko huko."

Aliacha kutafuna. Samoni wa Atlantiki anaweza kuzaa, akashuka baharini, na siku nyingine akapanda tena. Sokai huzaa mara moja tu maishani. Nilipomwambia hivyo, akasema nimwamshe mapema.

Jumamosi, 6 Oktoba. Kupanda na Fraser

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri, mvua nyembamba, mpaka mji wa Hope barabara ni tambarare na haina la kusimulia. Baada ya Hope milima inakuja pande zote mbili. Barabara imetobolewa mahandaki saba kabla ya Boston Bar. Nayajua ni saba kwa sababu Mjomba aliyahesabu kwa sauti. Mto ulikuwa chini kabisa ubavuni mwetu, na kwa kila kona ulizidi kubanwa.

Mahali unapobanwa kuliko kote panaitwa Hell's Gate, yaani Lango la Jehanamu. Unashuka kwa kibanda kinachoning'inia kwenye kamba za chuma. Mjomba aliyevuka ziwa usiku kwa mtumbwi akiwa na miaka kumi na minne alishika nguzo ya kile kibanda kwa mikono yote miwili na hakusema neno mpaka tulipotua.

Pale chini mto mzima wa Fraser, ambao jana tuliuona umetanuka hauonekani ng'ambo vizuri, unapita kwenye mwanya wa mita 35 hivi. Maji hayaendi mbele tu. Yanaviringika, yanarudi nyuma, yanafura katikati kama ugali unaotokota. Kelele zake unazisikia kwenye meno. Na samaki lazima apite hapa kwenda juu.

Palikuwa na ugumu wake wa asili, lakini binadamu ndiye aliyeuongeza. Reli ya kwanza ilipita ukingo mmoja ikakamilika 1885. Walipojenga reli ya pili ukingo wa pili, mawe ya baruti yalisukumwa mtoni, na Februari 1914 mlima wenyewe ukaporomokea majini. Wakati ule mzunguko wao ulikuwa tofauti na wa sasa, na 1913 ulikuwa mwaka wa kujaa. Samaki walifika hapa, wakarushwa nyuma na maji, wakajaribu tena, wakarushwa. Walirundikana chini ya mwanya kwa maili kadhaa, wakafa na mayai tumboni. Watu wa asili wa bonde hili, waliokuwa wakiishi kwa samaki huyo tangu enzi, walipata njaa. Viwanda vya makopo kule Steveston navyo vilionja, ila vyenyewe vilikuwa na akiba.

Dawa ilichelewa zaidi ya miaka 30. Kanada na Marekani waliunda tume ya pamoja mwaka 1937, wataalamu wakawa wanawafunga samaki vibandiko kuona nani anapita na lini, wakagundua kwamba maji yakiwa kwenye vimo fulani, samaki hukwama hapa siku nyingi. Mwaka 1945 na 1946 zikajengwa njia za zege kwenye kingo, zenye kuta za ndani zinazovunja nguvu ya mkondo, ili samaki apande kwa kupumzika. Tulizitazama kutoka kwenye daraja la kamba. Hazina uzuri wowote, zinafanana na mtaro wa barabarani.

"Siku nyingi," Mjomba akarudia. "Na anakula nini akisubiri?"

Hali chochote. Akiingia tu maji baridi huacha kula, na safari yote, pamoja na kuchimba, kupigana na kuzaa, anaiendesha kwa mafuta aliyoyaweka mwilini baharini. Nilimpa mfano wa dereva aliyejaza tangi Dar kwenda Mwanza, njia nzima hakuna sheli, na akisimama foleni hawezi kuzima injini. Akaelewa, kisha akaniuliza kwa nini sikumletea mfano wa mtumbwi.

Baada ya saa moja hivi tulisimama juu ya Lytton. Hapa Mto Thompson unaingia Fraser, na mito haichanganyiki mara moja: Thompson ni wa kijani angavu, Fraser ni tope, na kwa mwendo mrefu inakwenda sambamba kama vitambaa viwili vilivyoshonwa ubavu kwa ubavu. (Mji wa Lytton uliungua 30 Juni 2021, siku moja baada ya kipimajoto chake kufika nyuzi 49.6, joto kubwa kuliko lolote lililowahi kupimwa Kanada. Kila ninapopita sasa natazama upande ule.)

Samaki wetu hapa hukata kulia, waingie Thompson. Wa matawi ya juu ya Fraser huenda moja kwa moja.

"Nani kawaambia?"

Nilijibu kadiri ya ninavyojua. Samoni mchanga, kabla ya kushuka baharini, hushika kumbukumbu ya harufu ya maji aliyolelewa: udongo wake, majani yake, mawe yake. Majaribio ya miaka ya 1950 yalionyesha kwamba ukimziba pua, anapotea njia panda. Lakini pua haiwezi kumtoa katikati ya Pasifiki, karibu na Alaska. Huko inaonekana anatumia usumaku wa dunia. Sokai wa Fraser wanaporudi hukuta Kisiwa cha Vancouver kimewazibia mlango, wapite kaskazini au kusini, na mwaka 2013 watafiti waliopitia hesabu za uvuvi za miaka 56 waliona kwamba uchaguzi ule unafuata mabadiliko madogo ya usumaku mahali hapo. Sumaku humleta mpaka pwani, halafu pua inamaliza kazi.

Mjomba alinusa, kwa utani, upande wa Thompson. "Huu unanukia baridi."

Tumelala Kamloops. Hoteli ilikuwa imegawa chumba chetu kimoja kwa mtu mwingine, cha pili hakikuwa na joto. Mjomba alipata kitanda na blanketi zote, mimi nimelala kwenye kiti na koti. Jina la hoteli nalimeza.

Jumapili, 7 Oktoba. Mto Adams

Kutoka Kamloops ni kilomita 70 hivi kwenda mashariki, kando ya Thompson ya Kusini, mto mpana, mtulivu, hata huwezi kudhani kwamba chini yake kuna msafara. Unavuka daraja la Squilax, unaingia msituni. Ilikuwa wikiendi ya sikukuu ya Shukrani, magari yamepangwa kilomita nzima kabla ya lango. Mbuga hii ilibadilishwa jina mwaka ule ule, ikarudishiwa la Wasekwepemk, wenye nchi: Tsútswecw, maana yake mito mingi. Dada mmoja wa Kisekwepemk aliyekuwa zamu langoni alitufundisha kulitamka. Mimi nilishindwa mara tatu. Mjomba alilitoa mara ya kwanza, akapigiwa makofi, na amenikumbusha jambo hilo siku nzima.

Kilichotupokea kwanza ni harufu. Samaki waliooza, lakini si ile ya sokoni. Imechanganyika na majani ya vuli na maji ya baridi. Kisha miti ikafunguka.

Mto Adams hauna makuu. Kutoka Ziwa Adams mpaka Ziwa Shuswap ni kama kilomita 11 tu. Lakini ulikuwa mwekundu. Nilikuwa nimeona picha, nikadhani wapigapicha wanazidisha. Samaki walikaa bega kwa bega wakielekea juu, mikia ikipepea kidogo kidogo ili wasirudishwe nyuma, mgongo mwekundu wa pilipili iliyoiva na kichwa cha kijani ya mzeituni. Yule wa bati jipya wa Steveston ndiye huyu. Rangi iliyokuwa ndani ya nyama imehamia kwenye ngozi na kwenye mayai. Nyama yenyewe sasa imepauka. Madume yameota nundu, na taya limepinda kama ndoano.

Mjomba alichuchumaa kwenye changarawe akakaa hivyo. Nilikwenda kununua kahawa, nimerudi yuko vile vile.

"Kaa," akasema. "Mtazame huyu mwenye mkia mweupe."

Jike moja, hatua mbili kutoka ukingoni, mkia wake ulikuwa umelika mpaka umebaki nyuzi nyeupe. Baada ya muda tuliona kwa nini. Alijilaza ubavu, akachapa maji kwa mkia mara tano, sita, haraka sana, na vijiwe vikainuka chini, mkondo ukavichukua ukaviweka nyuma kidogo. Akarudi wima, akazunguka, akajilaza tena. Mkia haugusi mawe sana kama unavyodhani. Ni mvuto wa maji ndio unaoinua. Lakini ukifanya hivyo kutwa kucha, kwa siku kadhaa, kuna nyama itakayobaki? Kila baada ya muda alishuka kwenye shimo na kulipima kwa pezi la chini ya tumbo, kama mama anayetia kidole kwenye maji ya kumwogeshea mtoto.

Dume lake lilikaa pembeni, nusu urefu nyuma. Kazi yake ilikuwa kufukuza. Likija dume jingine analiuma shina la mkia. Kulikuwa pia na vidume vidogo, wembamba, havina nundu, vimejibanza nyuma ya jiwe. Hao ni wa miaka mitatu, waliorudi mwaka mmoja kabla ya wenzao. Hawawezi kupigana na wakubwa, kwa hiyo hungoja. Shughuli ikianza huchomoka, humwaga mbegu zao, hukimbia.

Mjomba alicheka polepole. "Hata huku wapo."

Ilikuwa kama saa nane mchana. Jike lilishuka shimoni na kutulia. Dume likaja ubavuni, wakagusana. Wote wawili wakafunua vinywa, wazi kabisa, miili ikaanza kutetemeka. Wingu jeupe likatoka, na chini yake nikaona kama shanga za rangi ya chungwa zikianguka katikati ya vijiwe. Sekunde nane, kumi labda. Kidume kidogo kilipita kama mshale. Kisha jike, bila kupumzika hata kidogo, lilisogea juu kidogo ya shimo na kuanza kuchimba tena, na changarawe za shimo jipya zikawa zinafukia mayai ya shimo la kwanza.

"Jembe moja, kazi mbili," Mjomba akasema. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizomsikia akitoa tangu afike Kanada.

Jike moja hubeba mayai kama 4,000, akayagawa mashimo kadhaa. Mjomba alitaka hesabu, nikampa: ili mto usipungue, katika hao elfu nne inatosha wawili warudi. Alikaa kimya akipiga hesabu za namna yake. Baadaye akauliza kama najua mvuvi ambaye angeweza kuwa na subira hiyo na watoto wake.

Alasiri mzee mmoja wa kujitolea alimpasua jike aliyekufa mbele ya watoto. Tumbo la chakula lilikuwa limesinyaa likawa kama kamba ya kiatu. Halafu akatoa vifuko viwili vya mayai, vimejaa. Alikufa hajazaa. Zamani, akaeleza, hawa wa Adams walikuwa wakifika mlangoni mwa Fraser wanasubiri baharini wiki kadhaa mpaka maji ya mto yapoe. Tangu 1995 wengi wamekuwa wakiingia mapema, maji yakiwa bado na joto, na wengi wa hao hufa kabla ya kutaga. Mtoto mmoja aliomba kushika yai. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, kama punje ya njegere, laini, na ndani unaona mafuta yakielea.

Jumatatu, 8 Oktoba. Alfajiri

Mjomba ameniamsha yeye. Tumefika mtoni kabla ya jua, hakuna mtu, ukungu umelala juu ya maji kama moshi wa jikoni. Sauti ni ya mikia tu. Mwanga ulipokuja tukaona kile ambacho jana umati ulitufichia: maiti. Kingo zote, kwenye mizizi, kwenye vijito vya pembeni, wamelala kwa mamia, ngozi imegeuka kijivu yenye mabaka meupe ya kuvu, macho yameshachukuliwa na shakwe. Tai watatu juu ya mti mmoja, wameshiba hawataki hata kupaa. Nyuma ya kila jike anayechimba kuna trauti wawili watatu, wanadaka mayai yanayopeperuka.

Trauti Mjomba alimfahamu kwa jina, maana alifanya kazi Kenya kidogo ujanani. Waingereza waliwaleta mito ya milimani Kenya tangu 1905, na ni ukoo mmoja na samoni.

Tulimtafuta jike wetu wa mkia mweupe. Alikuwepo, pale pale, dume hayupo. Alikuwa analinda. Jike akishazaa hukaa juu ya viota vyake kuwafukuza wengine wasije wakachimba wakafukua mayai yake, mpaka nguvu ziishe, wiki moja, wakati mwingine zaidi. Alikuwa akienda upande, akijirudisha, akienda upande. Macho yalikuwa bado na nuru.

"Na watoto hatawaona," Mjomba akasema.

Hatawaona. Mayai hukaa ndani ya changarawe, maji safi yakipita katikati yake. Baada ya mwezi hivi macho meusi huonekana ndani ya yai. Huanguliwa katikati ya baridi, barafu ikiwa juu, na kifaranga anayetoka ana kifuko cha kiini kinachoning'inia tumboni. Hicho ndicho chakula chake. Majira ya kuchipua yakifika kifuko kimekwisha, naye anapenya vijiwe, anatoka. Mkondo unamshusha Ziwa Shuswap, anakaa humo mwaka mzima akila vidudu vya majini, na vidudu hivyo navyo hunufaika na mbolea ya hawa waliooza. Mjomba aliipenda sehemu hiyo. "Kumbe mzazi ndiye uji."

Halafu anabadilika, anavaa fedha, matamvua na figo hujipanga upya kwa ajili ya chumvi, anashuka Fraser yote tuliyopanda sisi. Miaka miwili na zaidi baharini, kisha nyumbani. Mayai ya asubuhi ile yalishuka baharini 2020 na kurudi 2022. (Niliwaona. Agosti 2023 moto mkubwa wa msituni ukapita hapa hapa, ukateketeza nyumba nyingi za kando ya ziwa na kuunguza sehemu kubwa ya mbuga. Wakati huo watoto wa hao wa 2022 walikuwa ziwani, majini, hawana habari.)

Palikuwa na ubao wa maelezo unaohusu sehemu ya juu, kule Ziwa Adams linapoanzia mto. Kampuni ya mbao ilijenga bwawa pale mwaka 1908: wanaziba maji, wanarundika magogo, wanafungua, gharika inasukuma magogo mpaka chini. Samoni waliokuwa wakipita kwenda Adams ya Juu, ng'ambo ya ziwa, walikuta mlango umefungwa. Kizazi kile kilikwisha. Bwawa lilibomolewa 1945, lakini samaki aliyejifunza harufu ya maji yale hakuwepo tena wa kuifuata, na jitihada za kurudisha mbegu kule hazijafanana na kilichopotea.

Nilimtafsiria Mjomba ubao wote. Akakaa juu ya gogo, akaanza kunisimulia habari za ningu, ambazo katika miaka yangu yote sikuwahi kumsikia akizitaja.

Ningu ni samaki wa Ziwa Viktoria mwenye mdomo wa kunyonya, nyama yake ina miba mingi na utamu mwingi zaidi. Anaishi ziwani, ila mvua kubwa zikinyesha na mito kufurika, hupanda kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko. Mjomba alikulia kando ya Mto Mara unapokaribia ziwa, upande wa Kirumi. Alikuwa na miaka minane, tisa, katikati ya miaka ya 1950.

"Tulikuwa tunasikia kwanza," akasema. "Usiku. Wanapopita kwenye maji madogo ni kama mtu anapiga makofi. Baba anatuamsha wote. Migono ilikuwa inawekwa, ndiyo, na uzio wa matete, lakini uzio wa matete maji yakizidi yanaupindua, samaki anapita. Halafu zikaja nyavu za nailoni. Hazipinduki. Tukazitandaza mlangoni mwa mto, ukingo kwa ukingo. Mlangoni, mpwa wangu! Samaki anatoka ziwani tumbo limejaa mayai, anakukuta umesimama mlangoni."

"Mlipata wengi?"

"Mwaka wa kwanza tulitupa wengine, hapakuwa na chumvi ya kutosha. Mwaka wa tatu tulikuwa tunakesha kusikiliza makofi."

Nilimwambia kwamba mimi siku zote nimesikia samaki wa asili walimalizwa na sangara.

"Sangara kamaliza furu. Ningu alikuwa ameshakwisha kabla sangara hajajaa. Watu wanamsingizia kwa sababu hawezi kujibu."

Hakuendelea. Jua lilikuwa limefika majini, wekundu ukarudi, na basi la kwanza la watalii likasikika likiegeshwa. Kabla hatujaondoka Mjomba aliinama, akaokota kijiwe cha mviringo kutoka majini, mahali pasipo na samaki. Nikamwambia mbuga hairuhusu kuchukua kitu, na kwamba chini ya vijiwe vile hata mahali pasipo na samaki huenda pana mayai ya wiki iliyopita. Alikirudisha kwa mkono, taratibu, akikitafutia shimo lake lile lile.

Jumanne, 9 Oktoba. Kurudi

Hakuna la ajabu. Tulipita Ziwa Shuswap kidogo, tukasimama ukingoni. Kuna boti za starehe zimefunikwa maturubai, maji yametulia tuli, na kwa macho hakuna kinachoonyesha kwamba huku ndiko vifaranga vinakaa mwaka mzima. Mjomba alinawa uso. Tulirudi kwa barabara kuu ya milimani, ile ya haraka, isiyopita bondeni kwa Fraser. Theluji ya kwanza kileleni. Alilala njia nzima mpaka Hope.

Nyumbani nilikuwa nimechoka kupika, lakini alikumbuka samaki wa pili kwenye friza. Nikamtoa, nikamwacha kwenye beseni la maji ayeyuke. Mjomba akavuta kiti akakaa mbele ya beseni kama alivyokaa mtoni. Baada ya kitambo akamgeuza kwa kidole, akatazama mkia wake: mzima, mweusi, haujalika hata ncha.

"Huyu hakufika," akasema. Kisha akaomba apewe kichwa, na kama kuna ndimu na pilipili nisisahau.